Mpunga Mkono wa Matrah

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga imeshaanza kuchelewa. Sisemi kwa lawama. Nitaifungua nikipata nafasi, na siku hizi nafasi ndiyo kitu pekee nilichonacho kwa wingi. Mliniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, kwa ajili yenu mnaobaki karakanani, na nadhani mlitarajia nasaha. Nasaha sina nyingi. Nina habari za beringi na grisi, na za watu wachache niliowapenda. Na nina swali moja mlilokuwa mkiniuliza kila mara, nami nikiligeuza mzaha: kwa nini kazi zote za Anselm tunazitia grisi, isipokuwa ile moja ya Matrah iliyosimama? Leo nitawajibu, lakini mtanivumilia nianze mwanzo.

Nilikuwa mchora ramani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na meza yangu kwenye ofisi ya bustani za mji hapa Muscat, kalamu zangu za wino za ncha nyembamba ambazo sikumwazima mtu, na kazi ya kuchora mitaro ya maji na vibanda vya bustani. Siku moja mkubwa wetu akaniambia kesho nisije ofisini, niende Wattaya. Nyuma ya maduka ya magari kuna Mjerumani amepewa kazi ya kutengeneza sanamu za kupamba bustani za mji, na anamtaka mtu wa kumchorea anayejua Kiingereza. Mama yangu aliposikia neno sanamu aliacha kupeta mchele.

"Raya, nna mtoto mmoja tu aliyesoma, naye ndo anakwenda kuchonga masanamu?"

"Hayana nyuso, mama. Ni vyuma vinavyocheza na upepo."

"Vinacheza? Sasa hiyo ndo afadhali, au ndo mbaya zaidi?"

Kesho yake nilikwenda Wattaya.

Anselm alikuwa mrefu, mwembamba, na kichwani amevaa kofia ya Kiomani iliyokuwa kubwa kwake, imemshukia mpaka kwenye nyusi. Alizichukua kalamu zangu kwa adabu, akaziweka juu ya meza, akanipa kipande cha mkaa na karatasi ya kufungia bidhaa, akanitoa uani. Juu ya dari ya nyumba ya jirani palikuwa na kamba ya nguo, na kanga zimeanikwa zinapepea. Akaniambia, chora. Nikachora kanga, pindo kwa pindo, nikaona nimefanya vizuri. Akatazama akatikisa kichwa. Nimechora nguo, akasema, na nguo anaziona mwenyewe. Yeye anataka njia iliyopitwa na ile ncha ya kanga ya mwisho, ilipoondoka, ilipofika, ilipositasita.

Nilichora mpaka adhuhuri, na nilichokipata kilifanana na karatasi aliyochezea mtoto. Mwenye nguo akachungulia akatuuliza kwa Kiarabu kama tumekosa kazi. Nikamwambia hii ndiyo kazi yenyewe. Hakuniamini, na kusema kweli hata mimi sikujiamini.

Ndivyo nilivyoijua kazi ya Anselm. Kwao Ujerumani alikuwa mchongaji anayejulikana. Kwa miaka mingi aliunda vitu vya chuma vinavyojiendesha: magurudumu, fimbo, mapanga kama ya feni yanayofunguka na kujifunga, yote kwa umeme, yamewekwa kwenye viwanja vya miji na mbele ya majumba makubwa. Kisha akachoka na mota. Alisema mota hufanya leo ilichofanya jana. Alipokuja Muscat kwa kazi moja akakuta upepo wetu wa pwani, ule mdogo wa asubuhi unaotoka nchi kavu na ule wa alasiri unaorudi kutoka baharini, akaenda kwao kufunga mizigo, akarudi. Tangu hapo kila mwaka alikuwa nusu yake hapa nusu yake kule, na lile banda la Wattaya likawa karakana mnayoijua.

Lakini aliyenifundisha kazi kwa mikono alikuwa Ami Khalfan. Nyinyi wengi hamkumkuta. Alizaliwa Tabora, akaja Oman akiwa kijana na kipaji cha magari, na Anselm alimpata kwenye gereji ya jirani alipokwenda kuazima jeki. Alikwenda kuazima jeki akarudi na mtu. Ami Khalfan alikuwa mfupi, mpana, mcheshi, na Zanzibar kwake ilikuwa kisiwa cha watu waliozaliwa kwa ajili ya kula vizuri na kulalamika. Mimi, mwenye asili ya huko, ndiye niliyekuwa Zanzibar yake ya karibu.

"Haya, mhandisi wa visiwani," ataniambia kila asubuhi, "leo utashika spana au utaiandikia barua?"

Alinifundisha kuisikiliza beringi. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, unazungusha polepole. Beringi nzima husema neno moja refu. Yenye mchanga hutafuna, na yenye chumvi hukwaruza halafu hunyamaza, na ikinyamaza ujue umechelewa. Alinifundisha pia jambo la kwanza ambalo nami nimewafundisha nyinyi mpaka mkachoka: chuma chetu cha nje hakishiki kutu, ndiyo, lakini beringi zilizo ndani yake zinashika, na hapa Muscat hewa yenyewe ina chumvi. Kinachosogea hujisafisha. Ukikisimamisha karibu na bahari, chumvi hukaa, na ikishakaa hailipi kodi wala haihami. "Usikisimamishe," alikuwa akisema. "Kiugue kikiwa kinatembea, kisiugulie kitandani." Nayaandika maneno yake hayo makusudi, ili mkifika mbele msidhani alikuwa mtu asiyejua.

Kila majira ya baridi Anselm aliletwa na mkewe, au ndivyo sisi tulivyosema, kwa sababu Hanne ndiye aliyekuwa na akili ya safari, ya tikiti na ya dawa. Hanne alikuwa mwalimu aliyekwishastaafu, mnene kidogo, mwenye goti bovu na kicheko cha kushtukiza. Alikuwa akipitia soko la Mawaleh asubuhi, anakuja na sanduku la machungwa, analipindua sanduku jingine tupu analikalia, na anamenya. Hakula yeye. Alitugawia sisi, tukiwa na mikono ya grisi, anakutia kipande mdomoni kama kifaranga, na Ami Khalfan peke yake ndiye aliyekataa kulishwa, akanawa mikono kwanza. Hanne aliona kuwa hiyo ni heshima akaiheshimu.

Aliamua kujifunza kuamkiana. Si neno moja, yote. Atasimama mlangoni na orodha yote kichwani.

"Hujambo, Ami Khalfan?"

"Sijambo, bibie. Umeamkaje?"

"Salama. Na watu wa nyumbani?"

"Alhamdulillahi, wanakusalimu. Na goti?"

"Goti baya," atasema Hanne, kwa sababu hakujua kuwa hapo ilitakiwa kusema zuri, na sote tunacheka, naye anacheka zaidi yetu.

Mpunga Mkono ilitengenezwa katikati ya miaka hiyo ya tisini. Mmeiona: mlingoti mrefu kwenye ile bustani ndogo juu ya barabara ya pwani ya Matrah, na mikono mitatu ya chuma, kila mmoja umekaa kwenye beringi yake kama mzani, upande mmoja mrefu na mwembamba, upande wa pili mfupi wenye uzito wa madini ya risasi. Jina si la Anselm. Yeye hakuipa jina, maana majina aliona ni kazi ya watu wa magazeti. Jina walilitoa madereva wa teksi, kwa sababu upepo ukiwa mdogo ule mkono wa chini huinuka taratibu, hukawia juu, kisha hushuka kama wa mtu anayekuaga huku hataki uondoke.

Kazi ngumu ilikuwa ule mkawio. Anselm alikuwa akipunguza risasi kwa tupa, chembe kwa chembe, anapuliza, anarudi nyuma, anatazama, anasema "ngoja," ambalo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote, kisha anapunguza tena. Majira yote ya baridi yalikwisha hivyo. Mimi nilichora mikondo ile upya na upya, na hatimaye nikamuuliza anatafuta nini hasa. Akanyoosha kidole kwa Hanne aliyekuwa amekaa kwenye sanduku lake. Akaniambia, walipokuwa vijana, kila alipopanda treni kwenda kazini Hanne alikuwa akisimama kwenye stesheni na kumpungia, na mkono wake ulikuwa unakawia juu, hauteremki mpaka treni ipotee. Anaujua mkono ule kuliko uso wake mwenyewe. Basi ndio huo. Nikageuka nikajifanya natafuta penseli, kwa sababu machozi yalinijia, na kwenye karakana ya wanaume mwanamke akilia siku moja huulizwa mwaka mzima.

Siku tulipoisimamisha, upepo wa alasiri ukaja, mkono ukainuka, ukakawia. Hanne alitazama, akaingia kwenye gari, akafunga mlango akakaa peke yake. Anselm akamwacha. Ami Khalfan akanong'ona, "Kumbe chuma kinaweza kumsema mtu hivi."

Miaka michache baadaye Ami Khalfan alifiwa na mkewe, Bi Salma. Nyumba yao ilikuwa huko huko Matrah, ndani ya vichochoro, na ilikuwa majira ya baridi, kwa hiyo Hanne alikuwepo. Nilimpeleka mimi. Nilimfunga mtandio, nikamwambia hakuna cha kusema, ukae tu. Akakaa chini kwenye mkeka na wanawake, na goti lile, siku zote za matanga, asubuhi mpaka jioni. Ukimletea kiti anakataa. Redio imefungwa, televisheni imefunikwa kitambaa, watoto wananyamazishwa wakicheka. Kwenye kiwambaza cha ua kulikuwa na kidude kidogo cha kuzunguka, vibati vyembamba vilivyounganishwa kwa waya, alichokuwa Anselm amemtengenezea Bi Salma siku ya Idi. Upepo ukaingia, vibati vikaanza kuzunguka na kung'aa, na watoto wakaanza kuvichezea macho. Hanne akanyanyuka kwa shida, akishika ukuta. Akachomoa uzi kwenye pindo la mtandio wake, akakifunga kile kidude kisizunguke, akarudi akakaa. Hakuna aliyemwambia. Alitazama tunavyofanya, akafanya.

Ami Khalfan alikuwa mlangoni akimuona. Uzi ule hakuufungua mpaka mwenyewe alipoona siku zake za msiba zimekwisha.

Sasa niwaambie lililotokea, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Hanne aliugua. Yalikuwa maradhi ya damu, na majira ya baridi yaliyofuata hakuja, wala Anselm hakuja. Ofisi ilikuwa imekubali muda mrefu nipelekwe kwenye karakana yake ya Ujerumani kujifunza kuhudumia kazi zake, kwa kuwa yeye ameanza kuzeeka na sisi ndio tutakaobaki nazo. Nikaenda mwanzo wa majira ya joto. Nilijifunza mengi, lakini zaidi nilipika uji na kumsaidia Hanne kugeuka kitandani. Alikuwa akiniuliza habari za kila mtu kwa majina. Alikuwa akiuliza kama mkono bado unapunga. Nikamwambia unapunga, Ami Khalfan anautazama kila wiki.

Alikufa asubuhi, wakati wa kahawa. Nikapiga simu karakanani Wattaya.

"Ami Khalfan, Bi Hanne ametutoka."

Nikasikia anavuta kiti.

"Inna lillahi." Halafu: "Sasa tunamfanyia nini, Raya?"

"Hakuna, Ami. Watamzika Ijumaa. Sisi tumshike mkono Bwana Anselm, basi."

"Khitma hatuwezi kumsomea, mtu si wa dini yetu, hilo najua. Na kunyamaza je? Kunyamaza nako kumekatazwa?"

"Hakukatazwa, Ami."

"Khalas, basi. Tutanyamaza naye."

Nikadhani anamaanisha ndimi zao.

Tulipotoka kumzika, Anselm hakwenda nyumbani. Alikwenda karakanani kwake, banda kubwa lenye kazi zake zote za maisha, za mota na za upepo. Akaanza kuziwasha. Moja moja, kwa vitufe, kwa swichi, nyingine kwa kuzisukuma kwa kidole. Akafungua madirisha yote na feni kubwa mbili. Banda zima likawa linazunguka, linafunguka, linainuka na kushuka, na yeye amesimama katikati na suti nyeusi. Nilisimama mlangoni, nikajisikia vibaya, maana kwetu wakati kama huo hata sufuria huwekwa chini polepole. Akaniona ninavyotazama. Akaniambia kuwa Hanne alikuwa hapendi kitu kilichosimama. Kila alipoingia humu alikuwa anasukuma kitu. Siku atakayosimamisha vitu hivi, alisema, ndiyo siku atakayokubali kuwa amekufa. Kisha akasema kule Matrah bado anapunga, na joto likipungua atakuja akae chini yake, hataki kingine.

Alichelewa. Kulikuwa na mambo ya nyumba, na yeye mwenyewe akaugua mapafu. Mimi nikabaki kumwangalia. Majira yote ya joto yakapita, na nyinyi mnajua majira ya joto ya Matrah, hewa inavyoning'inia kama taulo bichi. Tulirudi pamoja wakati watu wameanza kuzima viyoyozi.

Ami Khalfan alitupokea uwanja wa ndege, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kilemba, mavazi ya mtu anayekwenda kutoa pole. Alimkumbatia Anselm kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nimwambie kuwa twende Matrah kwanza, kuna jambo wamelihifadhi kwa ajili yake, nalo halitakiwi kufunguliwa na mtu mwingine.

Tuliliona tangu barabarani. Mikono yote mitatu ilikuwa imeshushwa, imefungwa kwenye mlingoti kwa kamba. Na ili kamba isikwaruze chuma, kila kiungo kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cha pamba nyeupe, safu juu ya safu, kazi safi, kila fundo limeelekezwa upande mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kunyamaza kulikuwa kwa namna gani. Pamba ile ilikuwa imekunywa bahari majira yote ya joto, na imeishikilia pale pale penye beringi.

Anselm akasimama. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, nani amemfunga.

Ami Khalfan hakungoja nifasiri. "Mwambie, msiba wa mtu wetu, haiwezekani mkono uko juu unapunga kama kuna arusi. Tumempumzisha. Tumemngojea mwenye msiba, aje afungue mwenyewe kwa mkono wake."

Nikafasiri. Neno kwa neno. Sikuweza kupunguza chembe kama yeye anavyopunguza risasi. Anselm akaichukua ngazi. Akafungua fundo moja moja. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka tangu ule ugonjwa, na hakutaka kusaidiwa. Vitambaa vikaanguka, vina rangi ya kahawia ndani. Upepo wa alasiri ulikuwa umeshafika, majani ya bustani yote yanatikisika. Mkono wa chini ukabaki pale pale.

Akangoja. Sote tukangoja. Akausogeza kwa kidole, kisha kwa kiganja, ukalia kama bawaba ya mlango mkongwe, ukapanda kidogo, ukakwama.

Niliweka bisibisi sikioni nikasikiliza. Hapakuwa na cha kusikia.

Ami Khalfan alikuwa ameshajua. Nilimtazama usoni nikaona kwamba alijua siku alipofunga fundo la kwanza. Nikamwuliza kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha: "Ami, wewe ndo uliyenifundisha. Usikisimamishe, ulisema."

"Nilijua," akasema. "Nilikitia grisi mpaka ikamwagika. Nilijua inaweza isitoshe. Lakini chuma hutengenezwa, Raya. Msiba ukipita hujauweka, utauweka lini? Yule mama alikaa kwenye mkeka wangu na goti lile." Akanishika mkono. "Mwambie habari ya uzi. Mwambie, mimi siwezi."

Anselm alikuwa hajui. Hanne hakuwahi kumsimulia. Basi nikamsimulia pale, naye akiwa juu ya ngazi ameshika risasi baridi: mkeka, watoto, vibati vinavyong'aa, Hanne akinyanyuka kwa kushika ukuta, uzi wa pindo la mtandio. Yule aliyekuwa hapendi kitu kilichosimama. Nilipomaliza aliteremka, akakaa kwenye ngazi ya chini, akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima asiyejali nani anapita barabarani. Ami Khalfan akakaa chini kwenye changarawe, na kanzu yake nyeupe, karibu ya miguu yake. Wakakaa hivyo. Mimi nilisimama.

Baadaye nilimwambia Anselm kuwa tunaweza kuufungua, tubadilishe beringi, tuchonge mhimili mpya. Mikono itasogea. Akanionyesha vidole vyake. Ule mkawio, akasema, aliupata chembe kwa chembe kwa vidole ambavyo sasa hana, na mkono ukipunga vingine hautakuwa wake Hanne, utakuwa wa mtu mwingine anayemuaga. Akautazama kwa muda. Akasema, "Amejifunga mwenyewe. Mwache." Akaniomba nimwambie Ami Khalfan ahsante.

Nikamwambia. Naye akasema, "Angenitukana ningelala."

Anselm alirudi kwao na hakuja tena. Aliendelea kunifundisha kwa simu mpaka nikaweza kuzihudumia zile nyingine zote bila yeye, na kwa hilo mnanisifu bure, kwa sababu nilikuwa nafuata sauti yake. Ami Khalfan aliacha kazi mwaka uleule. Alisema macho, na ni kweli macho yalikuwa yanafifia, lakini si macho. Nyumba yake ilikuwa Matrah, na kwa miaka akawa anazunguka kwa nyuma, kwa kichochoro kirefu, ili asipite chini ya ule mlingoti.

Kisha siku moja ya Alhamisi simu ikanikuta karakanani: Anselm amekufa. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Ami Khalfan. Nilimkuta barazani, kipofu nusu, anavuta tasbihi.

Akaiweka tasbihi chini. Akasema, "Kule kwao wanafanya nini akifa mtu? Uliniambia siku ile ya bibie aliwasha vyote."

"Vyote, Ami."

"Nipeleke Wattaya."

Nilimpeleka. Vijana wawili waliokuwepo siku ile bado wapo, mtawauliza. Tulifungua milango na madirisha, tukawasha kila kilicho na mota, na Ami Khalfan akapita akipapasa, kila alichokigusa akakisukuma: mifano ya majaribio, magurudumu, vibati. Banda lote likasogea. Alikuwa analia na haoni haya. Ndiyo maana nyinyi mkifiwa hapa karakanani hatufungi mlango, tunawasha. Mlidhani ni desturi ya Wajerumani. Ni ya mzee mmoja wa Tabora.

Kisha akasema, "Sasa Matrah."

Ilikuwa alasiri, barabara ya pwani imejaa. Nilimshika mkono mpaka chini ya mlingoti. Akapapasa juu mpaka akaupata ule uzito wa risasi wa mkono wa chini, akaukamata kwa mikono miwili, akauvuta chini kwa nguvu zake zote. Ukapiga kelele ya ajabu. Upande wa pili, juu yetu, mkono mrefu ukainuka. Haukukawia, ulikwenda kwa vishindo, kama wa mtu anayeumwa bega. Akauachia ukashuka, akauvuta tena.

Chini barabarani mwanamke mmoja ndani ya teksi akatoa mkono dirishani, akampungia.

"Kuna mtu kajibu?" Ami Khalfan akaniuliza.

"Kajibu, Ami."

"Haya." Akavuta tena. "Haya, Bwana Anselm. Haya, bibie."

Akaendelea kuvuta. Alipochoka nikashika mimi.

Yeye naye ameshatangulia. Beringi zile zimekufa, na Anselm alisema ziachwe, kwa hiyo msizitie grisi na msizibadilishe. Lakini uzito wa chini mnaufikia kwa mkono. Mkipita Matrah, simamisheni gari, mvute kidogo.